Kukaa Nuruni: Habari za Ndugu wa Uamsho katika Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Miongoni mwa Wakristo wa Uamsho, waliokuwa wakiitana ndugu na dada hata kama mmoja alizaliwa Nyeri na mwingine Maseno, salamu haikuishia katika habari za nyumbani na za kazi, kwani aghalabu ilifuatwa na swali hili: "Je, ndugu, u nuruni?" Naye aliyeulizwa hakutazamiwa kujibu kwa adabu tu, kama mtu ajibuvyo "sijambo" ilhali tumbo lamsokota, bali alitazamiwa kueleza hali yake kama ilivyo: kwamba hasemi na mkewe tangu juzi, au kwamba ana deni la dukani ambalo hupita njia nyingine ili asikumbushwe, au kwamba moyo wake umepoa na sala zake zimekuwa maneno ya mdomoni. Nuru hiyo ndiyo ninayokusudia kuisimulia, jinsi ilivyotoka mbali ikaingia katika vyumba vya mitaa ya mashariki ya Nairobi, na jinsi ilivyojaribiwa humo katika miaka ambayo giza lilikuwa zito kuliko wakati wowote mwingine katika maisha ya mji ule.

Kwanza niseme neno juu ya neno lenyewe. Kiswahili kina majina zaidi ya moja ya kitu hiki, na wenyeji wa pwani wajua kwamba mwanga ni jina la kile kinachoangaza na pia ni jina la mtu aendaye usiku kwa uchawi, hata mtoto akiambiwa kwamba fulani ni mwanga hukimbia badala ya kukaribia. Neno nuru halina doa hilo. Lilitujia kutoka Kiarabu, Waislamu wa Pumwani wanalo na Wakristo wa Pumwani wanalo, na waliotafsiri Biblia ya Muungano, iliyotolewa kamili mwaka 1952, wakalitumia katika Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya kwanza, mahali panapoeleza kwamba waendao katika nuru hushirikiana wao kwa wao, na damu ya Yesu huwatakasa. Aya hiyo ya saba ndiyo iliyokuwa msingi wa nyumba nzima ya Uamsho. Msomaji na aikumbuke, kwa kuwa ndani yake yamo mambo matatu ambayo ndugu hawakukubali yatenganishwe: nuru, ushirika, na damu.

Asili ya Uamsho ilikuwa mbali na Nairobi. Mwaka 1929, Ruanda ikiwa imepigwa na njaa kuu, mganga mmoja Mwingereza wa hospitali ya misheni huko Gahini, jina lake Joe Church, alikwenda Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Na katika kilima cha Namirembe akakutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi, mtu aliyekuwa na kiu ileile aliyokuwa nayo yeye. Wakaketi pamoja, mweupe na mweusi, wakisoma Maandiko na kusali, kila mmoja akikiri mbele ya mwenzake kwamba amepungukiwa. Katika siku zile, kwa Mzungu kuketi na Mwafrika na kumfunulia upungufu wa roho yake lilikuwa jambo lisilo na mfano mwingi. Gahini ikawa kama jiko. Blasio Kigozi, nduguye Nsibambi, alihubiri huko na neno lake kuu lilikuwa moja tu, amkeni, hata mauti yalipomchukua mwezi wa Januari mwaka 1936. Waganda wakawaita watu hao Balokole, yaani waliookoka. Wakikuyu wakawaita Ahonoki. Na Wajaluo wakawaita Joremo, watu wa damu. Kila walikokwenda walikwenda na kiitikio cha Kiganda, Tukutendereza Yesu, ambacho hakikuhitaji kutafsiriwa, na ambacho hata leo ukiwasikia wazee wakikianza, utajua umewafikia watu gani.

Mwaka 1937 kundi la ndugu kutoka Ruanda na Uganda lilifika Kabete, mlangoni pa Nairobi, likafanya mkutano. Na mwaka uliofuata habari zikafika Maseno katika nchi ya Wajaluo. Reli, iliyofika Nairobi mwaka 1899 na Kampala mwaka 1931, ilikuwa imeziunganisha nchi hizi kwa sababu za biashara na za utawala. Lakini njia ikishafunguliwa haimwulizi apitaye amebeba nini.

Basi mitaa ya mashariki, ambayo wakazi wake huiita Eastlands hata wanenapo Kiswahili, ilikuwaje? Haikujengwa kwa siku moja wala kwa nia moja. Kwanza ilikuwa Pumwani, mwanzoni mwa miaka ya 1920, ambako serikali iliwakusanya Waafrika waliokuwa katika vijiji vya kando ya mji. Kariokor ikarithi mahali na jina la kambi ya wapagazi wa Vita vya Kwanza. Shauri Moyo ikawapokea watu wa Pangani, kijiji chao kilipovunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930. Zikafuata Ziwani, Kaloleni na Bahati, pamoja na nyumba za Reli huko Muthurwa na Makongeni. Na ukoloni ulipokaribia kwisha zikajengwa Mbotela, Maringo, Jericho na Jerusalem. Vyumba vingi vilikusudiwa mwanamume aliye peke yake, kwa kuwa mji ulihitaji mikono ya mtu huyo lakini haukuwahitaji mkewe na watoto wake, na chumba kilichopimwa kwa mtu mmoja kililala watatu au wanne, wakipokezana kitanda na koroboi.

Katika maisha kama hayo siri huzaliwa zenyewe. Mtu huwa na jina la nyumbani na jina la mjini, mke wa shamba na mke wa chumbani, mshahara anaoutaja katika barua na mshahara anaoupokea. Hapana anayemjua baba yake, na kwa hiyo hapana wa kumstahi. Misheni ilikuwa imemfundisha katekisimu na kumpa jina la ubatizo, na Jumapili alikwenda kanisani amevaa koti. Lakini kati ya koti lile na chumba kile palikuwa na pazia, na Uamsho ulikuja kulishika pazia hilo. Ndiyo sababu naona wanakosea wale wanaousimulia kana kwamba ulikuwa msisimko wa nyimbo na machozi. Nyimbo zilikuwapo, na machozi pia, lakini kazi yake hasa ilikuwa kuzifanya nafsi mbili za mtu wa mjini ziwe nafsi moja.

Ushirika ulikuwa na taratibu zake ambazo hazikuandikwa popote na kila mtu alizijua. Watu waliketi, wakaimba, wakaomba. Kisha mmoja akasimama, akamsifu Yesu kwa kumwokoa, akataja wazi jambo alilolitenda au lililo moyoni mwake. Na alipokwisha wakamwimbia, wengine wakamkumbatia, na mwingine akasimama. Hapakuwa na kasisi wa kutoa msamaha, wala kiti cha mbele cha wakubwa: karani na mpishi, mwalimu na yaya, na mwanamke asiyejua kusoma aliyekaa kimya maisha yake yote mbele ya wanaume, wote walikuwa na ruhusa moja ya kunena. Wamishenari waliojiunga nao walisimama vilevile na kuungama kiburi cha rangi, tena mbele ya wale waliokuwa wakiwafulia nguo. Aliyetubu alitakiwa kurudisha. Blanketi la mwajiri, vyombo vya hospitali, fedha zilizopotea katika hesabu na mwenye hesabu akajua zilikokwenda, vyote vilirudishwa kwa mikono ya aliyevichukua, na hilo liliwashangaza wenye mali kuliko mahubiri yoyote. Jambo lililofichwa liliitwa giza hata kama lilikuwa dogo, na jambo lililosemwa liliitwa limewekwa nuruni hata kama lilikuwa la kuaibisha.

Ndipo ikafika siku ya 20 Oktoba, 1952, Gavana Evelyn Baring akatangaza Hali ya Hatari, ambayo watu wa mitaani waliiita emajensi.

Nimesema kwamba giza lilikuwa zito, na sitaki msomaji adhani kwamba nawaita waliokula kiapo cha Mau Mau wana wa giza na serikali wana wa nuru, hasha. Watu walinyang'anywa ardhi, wakapewa kipande cha kuning'iniza shingoni, wakafanywa wageni katika nchi yao. Dai lao lilikuwa la haki, na siku hizi hapana mwenye akili anayelikana. Ninalolisema ni kwamba mapambano yale, kwa pande zote mbili, yalipigwa kwa siri, na kwamba Eastlands ikawa mahali ambapo kila mtu alijifunza kutojua. Kiapo kililiwa usiku katika nyumba zilezile ambazo jirani alisikia nyayo na hakuuliza. Mwezi wa Novemba mwaka uleule Tom Mbotela, diwani na kiongozi wa chama cha siasa cha KAU aliyepinga Mau Mau, aliuawa katika mitaa hii. Na mwaka uliofuata akauawa Ambrose Ofafa, diwani mwenziwe. Majina yao yamebaki katika mitaa iliyojengwa baadaye, na wengi walalao humo leo hawajui kwamba wamelala juu ya ukumbusho. Tom alikuwa mwana wa James Mbotela, yule aliyetuandikia Uhuru wa Watumwa, kitabu juu ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa na kukalishwa Freretown, karibu na Mombasa. Hivyo jamaa iliyotoka katika giza moja ilikutana na jingine kizazi kilichofuata.

Kisha ikaja Operesheni Anvil, neno ambalo kwa Kiswahili ni fuawe, na hakika watu walifuliwa. Alfajiri ya 24 Aprili, 1954, majeshi ya Jenerali Erskine yalizingira mji wote, yakaingia mtaa kwa mtaa, chumba kwa chumba, yakitafuta Wakikuyu, Waembu na Wameru. Na zaidi ya watu 20,000 wakatiwa kizuizini, wengi wakapelekwa Manyani na Mackinnon Road, huko chini njia ya Mombasa. Hawakuulizwa kama ni watu wa kanisa au la. Wengi wa waliobaki mjini walikusanywa Bahati, na mtaa huo, ambao jina lake ni la heri, ukazungushiwa seng'enge.

Katika kuchujwa kwao palikuwa na mtu mmoja ambaye wazee hawakumsahau. Alivikwa gunia kuanzia kichwani, likiwa na matundu mawili ya macho, naye aliketi au alisimama huku wanaume wakipitishwa mbele yake mmoja mmoja, hakunena, alitikisa kichwa tu, na kwa kutikisa huko mtu akaenda nyumbani au akaenda Manyani. Wakikuyu walimwita gakunia, yaani kijigunia. Pengine alikuwa jirani, au mdeni, au mtu aliyeshindwa katika kesi ya shamba, au mtu aliyetishwa kwa bunduki. Haikujulikana, na kutojulikana ndiko kulikokuwa nguvu yake. Alimulika wengine, na mwenyewe hakumulikwa.

Nimelitafakari gunia lile mara nyingi, na sioni mahali pengine ambapo maana ya kukaa nuruni yabainika vizuri kuliko hapo. Ndugu naye alikuwa mtu wa kufichua, lakini aliyefichuliwa alikuwa yeye mwenyewe. Akisimama katika ushirika hakutaja dhambi ya jirani. Alitaja yake, uso wake ukiwa wazi, mbele ya watu ambao kesho angekutana nao bombani. Nao watawala walipoona nguvu ya kuungama, walitaka kuitumia: katika kambi za kizuizini mahabusu walilazimishwa kukiri kiapo ili wasogezwe hatua moja kuelekea nyumbani, na kukiri huko kuliitwa kutakaswa. Lakini toba inayotolewa kwa hofu ya fimbo haina undugu na ile ya ushirika, hata zikifanana kwa maneno kama pacha.

Ndugu walijikuta katikati. Kiapo walikikataa, wakieleza kwamba wamekwisha kuoshwa kwa damu ya Kristo na hawawezi kuchanganya nayo damu ya mbuzi. Na serikali ilipowapa bunduki wajilinde pamoja na askari wa vijiji, wengi wao walikataa bunduki pia, wakisema hawawezi kumwua mtu ambaye Yesu alimfia. Kwa kukataa la kwanza walihesabiwa wasaliti wa kabila, na kwa kukataa la pili walishukiwa na wakubwa. Wengine waliuawa, hasa katika vijiji vya Murang'a na Nyeri. Huko Murang'a lilijengwa kanisa la ukumbusho wa wafia dini, ambalo Askofu Mkuu Fisher wa Canterbury aliweka jiwe lake la msingi mwaka 1955, na ndani yake Elimo Njau, mchoraji kutoka Kilimanjaro, alichora mwaka 1959 picha kubwa za maisha ya Kristo, Kristo akiwa Mwafrika katika nchi ya migomba na vilima. Mwaka huohuo wa 1955, Obadiah Kariuki, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa Uamsho, aliwekwa wakfu kuwa askofu pamoja na Festo Olang', katika Namirembe ileile ambako Church na Nsibambi waliketi. Kariuki alikuwa shemeji yake Jomo Kenyatta, ambaye wakati huo alikuwa kifungoni. Watu wa ukoo mmoja wakalazimika kujua kupendana bila kukubaliana.

Mjini, jambo lililokuwa gumu kuliko kifo lilikuwa kuaminiana. Sheria za Hatari zilimtenga Mkikuyu na Mjaluo, na Mkamba na Mluhya, kila mmoja akitazamwa kwa kabila lake kabla ya jina lake. Ushirika wa Kiswahili, lugha ambayo karibu wote walikuwa wameikopa, haukuweza kuliondoa tatizo hilo, lakini uliwapa watu mahali ambapo Mjaluo aliweza kumwambia Mkikuyu, mbele ya wote, "Ndugu, nilikuogopa, tena nilifurahi walipochukuliwa wenzako, nimeomba Bwana anisamehe, nawe unisamehe." Maneno kama hayo hayaandikwi katika majalada ya serikali, na bila hayo sielewi jinsi mitaa hii ingeweza kukaa pamoja tena baada ya 1960, seng'enge ilipoondolewa na wafungwa wakarudi wakitafuta vyumba karibu na watu waliowatikisia kichwa.

Ndugu nao hawakuwa malaika, na historia inayowafanya malaika ingekuwa yenyewe nje ya nuru. Walikuwako walioungama mambo ya wengine chini ya pazia la kuungama yao, hata mwanamke akasikia jina lake likitajwa mbele ya mkutano bila kuulizwa, walikuwako waliopima wokovu wa mtu kwa nywele zake na mavazi yake, na wengine, wakiisha kuzoea kuuliza "u nuruni?", walisahau kujiuliza. Katika miaka ya 1970 likatokea kundi lililoitwa Kufufuka, lililodai kwamba Uamsho umelala, likaongeza makatazo juu ya mikopo na starehe, na jamaa moja ikagawanyika katika makundi mawili ya ushirika yasiyosalimiana. Ikhtilafu hiyo inanihuzunisha, kwa kuwa watu waliostahimili gakunia walikuja kushindwa na kanuni walizojitungia wenyewe.

Lakini kabla ya hapo, mwaka 1969, ndugu walikuwa bado na uhai. Waziri Tom Mboya alipouawa mjini mwezi wa Julai, na viapo vikaanza tena katika nchi ya Wakikuyu, safari hii si kumwondoa mkoloni bali kulinda utawala katika nyumba moja, malori yalitoka mijini yakiwapeleka watu Gatundu usiku. Wapo Wakristo waliokataa na kupigwa. Viongozi wa makanisa walikwenda kunena na Rais Kenyatta. Na magazeti ya makanisa, Target na Lengo, Henry Okullu akiwa mhariri, yakaandika waziwazi jambo ambalo magazeti makubwa yaliliogopa. Wale walioijua aya ya saba tangu 1952 hawakuhitaji kufundishwa upya kwamba lifanywalo kwa siri usiku, hata likifanywa na watu wa kwetu, halibadiliki jina.

Tangu hapo Eastlands imepanuka hadi Umoja, Dandora na Kayole, na makanisa yameongezeka kuliko maduka ya nyama. Mwaka 1974 Arthur Kitonga alianzisha Redeemed Gospel Church kutoka bonde la Mathare, na wengi wakafuata na mahema yao na vipaza sauti vyao. Siwadharau, maana wamewatoa vijana wengi katika pombe na wizi. Juu ya mapaa ya mabati zimesimamishwa taa ndefu ambazo vijana wameziita mulika mwizi, na wazazi wanazishukuru, kwa kuwa binti aweza sasa kwenda chooni usiku bila hofu. Jericho na Jerusalem ni jirani, na mtu hutoka mtaa mmoja akaingia wa pili kabla chai yake haijapoa, bila ya kuporwa, akiwa na bahati. Hata hivyo taa ya juu ya mlingoti humtafuta mwizi aliye nje, na mahubiri mengi ya siku hizi hufanya vivyo hivyo: adui ni mchawi, ni jirani mwenye husuda, ni ukoo wa mama mkwe. Wazee wa ushirika hawakuijua Injili ya namna hiyo. Adui waliyemtafuta walimkuta wakitazama kioo.

Wazee hao bado wapo wachache, katika Makadara, katika Bahati, katika Pumwani. Wameinama, sauti zimepungua, na wengi wao hawakuandika chochote, kwa kuwa ushuhuda wao ulikuwa wa kunenwa mbele ya nyuso. Wewe msomaji uliye na bibi au babu wa ushirika katika mitaa hiyo, nenda kwake Jumapili hii na daftari, mwulize aliokoka mwaka gani na mahali gani, nani alikuwa naye siku ya Anvil, na alirudisha kitu gani kwa nani. Uandike kama anavyosema, kwa lugha anayoisema, kabla hajazikwa.